Florini ya Mzee Mabula

Ibadakuli, Shinyanga
8 Machi 1953

Kaka Donatus,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mvua imetupita tena na pamba imeanza kunyauka kabla haijafunga. Mume wangu Maduhu bado yuko Tabora kwenye kazi yake ya reli na anasema hatarudi kabla ya Krismasi. Nimebaki na mama mkwe na Mageni wangu, ambaye sasa ana miaka sita na mdomo wa mtu wa miaka arobaini.

Barua hii anakuletea Gregory, dereva wa lori. Ndani ya kitambaa nilichokishona kuna sarafu. Ni ile ambayo Mageni huivaa shingoni, uliiona ulipokuja kwenye ubatizo wake. Baba mkwe, mzee Mabula, alirudi nayo kutoka Kisumu alikokwenda kutafuta kazi baada ya vita ya kwanza, ikawa ndiyo ujira wake wa kwanza. Alipokufa, na Mageni akazaliwa mgonjwa mgonjwa, mganga alisema babu anataka akumbukwe kwa mjukuu huyu. Basi ikatobolewa, ikafungwa uzi, akavishwa.

Najua utacheka, wewe mtu wa misa ya kwanza. Lakini hapa ndiyo sheria ya nyumba. Kila asubuhi mama mkwe humsimamisha mtoto mlangoni na kuitazama. Ikiwa nyeupe, anasema guku, yaani babu, ametulia, twende shamba. Ikipiga weusi, guku ana neno, na hapo hakuna anayelala mpaka litafutiwe dawa. Mwaka juzi ilikuwa nyeusi kama chungu, na ni yeye mwenyewe aliyesema tumpeleke Mageni hospitali ya Kolandoto. Alikutwa na malaria kali. Tangu hapo mama mkwe haendi hospitali ila sarafu imsukume, na haikatai hospitali sarafu ikisema.

Shida ni tundu. Uzi umelila mpaka limekaribia ukingoni, siku yoyote itaanguka kisimani. Nimemwambia mama mkwe kwamba kaka yangu yuko Geita kwenye chumba cha kupimia dhahabu, anayajua madini na moto. Akakubali. Toboa tundu jingine mahali pazuri uirudishe upesi. Mtoto anajishikashika shingo kama aliyesahau kitu.

Mdogo wako,
Paskalia


Geita
22 Machi 1953

Mdogo wangu Paska,

Marahaba. Mpe Mama Maduhu shikamoo yangu.

Sarafu imefika. Nimeiosha na kuipima kwa mizani yetu ya dhahabu, maana siku hizi mawe ni machache na mizani inakaa bure. Mnaiita shilingi lakini si shilingi. Ni florini ya mwaka 1920. Ilitumika muda mfupi sana kabla shilingi haijaingia, kisha serikali ikazikusanya na nyingi zikayeyushwa. Simba na milima ni vilevile, kwa hiyo asiyeangalia maandishi hawezi kujua.

Tofauti iko ndani. Florini ni nusu madini ya fedha, nusu nyingine ni shaba na takataka za kuifanya iwe ngumu. Shilingi zilizokuja baadaye, zile za mfalme wa zamani na za miaka ya vita ya pili, zina robo tu. Hizi mpya tunazolipwa tangu 1948 hazina kabisa, ni shaba na nikeli. Ukizipanga mezani zote nyeupe. Florini ina uzito wa shilingi moja na nusu, na hilo hata mkono unalijua.

Na ule weusi wa mama mkwe wako si uongo, ila hautoki kaburini. Fedha na shaba hupigwa weusi na jasho. Mtoto akiwa na homa anatoka jasho la siku nzima, sarafu inalinywa. Kwa hiyo inapokuwa nyeusi mtoto kweli anaumwa. Nimewahi kuona vipimo vya Wazungu vibovu kuliko hiki.

Nilimwonyesha Mzee Rehmat mwenye duka hapa. Yeye hukusanya sarafu. Ana sanduku la mbao lenye kitambaa chekundu, na shilingi za kila mwaka zimelala humo kila moja kwenye kitanda chake. Florini hana. Alisema sarafu iliyotobolewa ni kama shati lililoungua kwa pasi, thamani yake imekwenda. Hata hivyo hakuitoa mkononi mpaka chai ikapoa.

Hapo nyumbani kuna anayesoma maandishi yaliyo juu ya sarafu? Nauliza tu.

Kaka yako,
Donatus


Ibadakuli
5 Aprili 1953

Kaka Donatus,

Shikamoo. Hapa hakuna asomaye ila mimi na Maduhu, na Maduhu yuko Tabora. Mama mkwe macho yake yamefifia, siku hizi anaona weusi na weupe na pengo la mlango. Wala haishiki sarafu. Anayeruhusiwa kuifunga na kuifungua ni mama wa mtoto peke yake.

Mwambie Mzee wako Rehmat anywe chai yake ikiwa moto. Sarafu haiuzwi. Nakujua, Donatus, tangu utotoni ukishika kitu cha kung'aa huoni kingine. Toboa tundu uirudishe.

Habari ya jasho imenifurahisha. Sikumwambia mama mkwe. Kwa nini nimnyang'anye mumewe?

Paskalia


Geita
19 Aprili 1953

Mdogo wangu Paska,

Gregory anarudi nayo. Tundu la zamani nimeliziba na jipya nimelitoboa juu ya kichwa cha mfalme. Nimeipitisha kwenye tindikali na kuisugua, kwa hiyo itakuwa nyeupe kuliko mlivyoizoea, na maandishi yamesagika kidogo. Msishangae.

Huku hakuna jipya. Nimepata baiskeli. Sasa natoka kambini mpaka kazini kabla jua halijawa kali.

Shikamoo yangu kwa Mama Maduhu.

Donatus


Ibadakuli
3 Mei 1953

Kaka Donatus,

Sarafu nimeipokea na nimemvisha Mageni. Mama mkwe aliitazama mlangoni akasema hajawahi kuiona nyeupe hivi tangu mzee alipokuwa hai. Akapiga vigelegele, kisha akachinja jogoo. Mimi nilikula shingo.

Baiskeli ni ya rangi gani?

Paskalia


Geita
17 Mei 1953

Mdogo wangu,

Ni nyeusi, ina kengele na mahali pa kubebea mzigo nyuma. Utaiona nikija. Mbona barua yako fupi hivyo? Umenikasirikia nini?

Hapa wamechimba shimo jipya na mawe yake yanaleta matumaini. Nawapimia watu dhahabu ambayo hawataiona tena, kisha narudi kambini kupika ugali.

Mpe Mama Maduhu shikamoo. Sarafu inaendeleaje?

Donatus


Ibadakuli
14 Juni 1953

Kaka Donatus,

Sarafu ni nyeupe. Anayeumwa ni Mageni.

Ilianza baada ya mavuno ya karanga. Homa inapanda jioni, inashuka asubuhi, naye anaamka amelowa. Nilidhani ni baridi ya kipupwe. Sasa hataki hata uji, na ule mdomo wake umenyamaza. Nilimwomba mama mkwe tumpeleke Kolandoto. Akamsimamisha mlangoni, mtoto akiwa ameshikilia fremu asianguke, akaitazama sarafu. Akasema, "Guku ametulia. Huyu ameota jua tu."

Nikasema mwili wa mtoto unawaka. Akasema mwili wa mtoto huwaka, lakini masamva, mizimu ya ukoo, hawadanganyi, na mwaka juzi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hospitali pale walipoitaka. Hilo ni kweli, kaka, siwezi kulikana. Maduhu aliacha neno kwamba mtoto hatoki nyumbani bila ruhusa ya mama mkwe, na baba wadogo wa Mageni wamekaa njia panda wote nisipite naye.

Nimemwandikia Maduhu. Jibu la Tabora linakuja kwa mwendo wa treni na wa mkuu wake wa kazi.

Wewe unayajua madini. Niambie kwa nini mtoto anatoka jasho usiku kucha na sarafu haibadiliki. Nakuuliza wewe hasa.

Paskalia


Geita
21 Juni 1953

Mdogo wangu Paska,

Mpeleke mtoto hospitali. Usingoje.

Kuhusu sarafu, mambo ni mengi. Nilipoipitisha kwenye tindikali huenda uso wake ulikazika na jasho haliingii upesi. Wakati mwingine maji ya kisima yanachangia, na chumvi ya mwili si sawa kwa kila mtu. Fedha huchelewa. Mwambie Mama Maduhu kwamba mimi, ninayefanya kazi hii, nasema sarafu iliyosuguliwa haiaminiki kwa miezi kadhaa. Mwambie pia Padre wa huko aje amsemeshe. Ikishindikana mbebe mgongoni uondoke, watasema watakalosema.

Nakutumia na Gregory vidonge vya kwinini nilivyopata zahanati ya kambi. Ni vichache.

Donatus


Ibadakuli
28 Juni 1953

Kaka,

Vidonge nilimpa, akavitapika. Padre alikuja, mama mkwe akampa kiti na maziwa na kumsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha sarafu. Niliposema nitambeba niondoke, baba zake wadogo walikaa mlangoni wakisuka kamba. Hawakunitukana. Walisuka tu.

Barua yako nilimsomea. Alisema, "Karatasi ya kaka yako inasema haiaminiki. Mbona alipoirudisha hakusema?"

Umeandika kurasa mbili kaka, na yeye hasomi karatasi. Duniani kuna kitu kimoja tu anachokisoma. Kama una neno la kumwambia, liandike hapo.

Mageni leo hakunitambua.

Paskalia


Geita
1 Julai 1953

Paska,

Gregory hana mzigo wa kuja huko lakini nimemwomba, na atasafiri leo. Ukimwona mlangoni usimkaribishe kwanza, pokea kitambaa.

Ndani kuna sarafu. Ni shilingi ya 1925, ina robo ya madini ya fedha, na robo inatosha. Nimeifukiza kwa salfa juu ya jiko la kupimia mpaka ikawa kama mkaa. Nimeitoboa juu ya kichwa cha mfalme kama nyingine. Shilingi mpya haikubali weusi, nimeijaribu kwa kila njia ninayoijua.

Mama Maduhu akienda kisimani, fungua uzi ubadilishe. Iliyotoka itupe chooni. Usiipake mafuta wala usiiguse kwa kidole chenye jivu, itachubuka. Yeye aione kwa macho yake mlangoni kama kawaida, wewe usiseme neno.

Usiniulize kitu sasa. Mtoto kwanza.

Donatus


Ibadakuli
26 Julai 1953

Kaka Donatus,

Mageni yu hai.

Nilifanya ulivyoandika. Mama mkwe alirudi na mtungi kichwani, akamwita mtoto mlangoni, nikambeba kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Alipoiona alitua mtungi chini bila kutazama anautua wapi, ukapasuka. Alikimbia mwenyewe kwa jirani kuazima mkokoteni wa ng'ombe, mwanamke wa umri ule, na njia nzima hadi Kolandoto alikuwa akitembea pembeni ameshika mguu wa mjukuu wake na kumwomba mumewe radhi kwa kuchelewa. Baba wadogo walisukuma nyuma.

Daktari alisema damu ilikuwa imekaribia kwisha. Wakachukua yangu wakampa. Alisema tungechelewa siku mbili tungekuja kuchukua kibali cha kuzika. Sasa anakula, na juzi alimwambia nesi kwamba sketi yake imepinda mshono. Nikajua amerudi.

Sasa sikiliza, maana nimeyaweka haya moyoni tangu Mei.

Niliijua siku ileile ilipofika. Niliitoa kwenye kitambaa nikaiweka kiganjani na ilikuwa nyepesi. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba florini ina uzito wa shilingi moja na nusu na kwamba hata mkono unajua. Mkono wangu ulijua. Nimemvua na kumvisha mtoto sarafu ile kila siku ya kuoga kwa miaka sita, ulidhani nitapimiwa na nani? Nilipokujibu kwamba hapa hakuna asomaye ila mimi na Maduhu, ulisikia kwamba hakuna asomaye. Kisha ukaja na habari za baiskeli.

Nilinyamaza ili usiitwe mwizi kwa wakwe zangu. Nilifikiri, ni kipande cha chuma, mama mkwe anafurahi, kaka yangu anaendesha baiskeli, nani ameumia? Halafu homa ikaja. Kila asubuhi alipoitazama ile nikeli yako na kusema guku ametulia, neno moja tu lingetosha. Ningesema: si yenyewe, kaka yangu ameiuza. Angempeleka saa ileile. Sikulisema. Nilikuandikia wewe, nikakuuliza wewe hasa, ili ulitoe wewe, nawe ukaniandikia habari za maji ya kisima. Mtoto wangu alikuwa anaungua, mimi nalinda jina lako na wewe unalinda jina lako, na jina lenyewe halina hata robo ya fedha.

Sikutukani. Nimechoka, na nina hasira na watu wawili, mmoja wao ni mimi.

Haijaisha. Sarafu yako ya salfa haitaki kuwa nyeupe. Mageni anarudi nyumbani wiki ijayo, na mama mkwe anasema kama mtoto amepona na guku bado ni mweusi, basi hasira yake ni kubwa kuliko ugonjwa. Mama mkwe hali chakula vizuri. Anataka kumtoa ng'ombe wake wa mwisho, yule mwenye maziwa anayokunywa Mageni. Jana nilimkuta amekaa peke yake akimuuliza mumewe amemkosea nini tangu walipooana, anataja moja moja. Mengine hayakunihusu kuyasikia.

Aliishi na mzee yule miaka thelathini na kilichobaki kwake ni kitu kile. Kirudishe. Usimpe Gregory. Uje nacho mkononi mwako, umfunge Mageni mbele ya mama mkwe, useme kilikuwa wapi. Nitakuruhusu kukifunga, mimi mama wa mtoto.

Na shikamoo zako zote, tangu ile sarafu nyepesi ilipofika, sijamfikishia hata moja.

Paskalia


Geita
16 Agosti 1953

Mdogo wangu Paskalia,

Barua yako niliisoma nikiwa kazini na nikaharibu kipimo, mara ya kwanza tangu nianze. Uliyoyaandika yamekaa sawasawa.

Nilikwenda kwa Mzee Rehmat. Florini ilikuwa imelala kwenye kitambaa chekundu, katika nafasi ya mwanzo kabisa, kabla ya shilingi zote. Alikuwa ameipeleka Mwanza kwa sonara Kanji akazibiwa tundu kwa fedha safi, kazi nzuri sana, usingeona mshono bila lenzi. Alisema sasa ni nzima na haiuzi. Nikamweleza ilikotoka. Nilimweleza yote, hata mtungi uliopasuka. Aliifuta sarafu kwa pindo la shati, kisha akasema yeye pia ana wajukuu, na kwamba ile baiskeli aliyonipa kwa sarafu arudishiwe. Ameichukua pamoja na pampu, na bado anasema amepunjika. Ni kweli amepunjika.

Nilimwomba aniazime keekee. Akauliza ya nini. Nikaitoboa palepale juu ya kaunta yake, pembeni kidogo ya pale Kanji alipoziba. Mzee Rehmat aligeukia rafu za chumvi mpaka sauti ilipokwisha. Ningeweza kuitoboa huku nyumbani au hata huko kwenu. Lakini ninajijua, kama unavyonijua, na njia ya kuja Shinyanga ni ndefu. Sasa haina mkusanyaji atakayeitaka tena, hata mimi.

Nimeipima kwa mara ya mwisho. Imepungua uzito kidogo sana, unga ule uliobaki kwenye kaunta. Sikuisugua wala kuipitisha popote. Ina rangi yake ya kijivu, hapa nyeupe hapa imefifia. Mama Maduhu ataitambua au hataitambua, lakini akiisoma atakuwa anasoma kweli.

Mwambie amwache ng'ombe. Sababu usimwambie, hiyo ni kazi yangu. Nimeomba ruhusa kazini. Jumatatu napanda basi la Mwanza, navuka kivuko, Jumatano nashuka na treni Shinyanga. Kutoka stesheni mpaka Ibadakuli nitatembea.

Safari hii sikupi salamu za kumpelekea. Shikamoo ya Mama Maduhu nitaitoa mwenyewe, na asipoitikia nitasimama hapo mlangoni.

Kaka yako,
Donatus